Kutotoa ni Kazi ya Kuku, Kulea Vifaranga ni Kazi Yetu



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya chakula cha mtoto anayeanza kula, nikaeleza kwamba akitimiza miezi 6 aweza kupewa yai lililoiva vizuri. Tangu hapo mmeniuliza, wengine kliniki, wengine tukitoka kwenye kikao cha akina mama: yai hilo litoke wapi? Mama mmoja alisema waziwazi: "Nesi, mayai ya kuku wangu nayaacha yaatamiwe yote. Nikimpa mtoto yai leo, mwakani nitakuwa na kuku gani?"

Hofu hiyo ina msingi. Kuku ni mali iliyo karibu na mkono wa mama. Kuku hununua daftari na sare, hulipa nauli ya kwenda hospitali mtoto akizidiwa, huchinjwa mgeni akija ghafla. Mama anayeogopa kupunguza mayai ya kuatamiwa anaogopa kupunguza akiba yake. Lakini tufanye hesabu pamoja, maana mara nyingi akiba hiyo haipotelei kwenye sahani ya mtoto, bali hupotelea uani.

Tuseme una koo 3, na kila mmoja ameatamia mayai 14. Jumla ni mayai 42. Wametoka vifaranga 34, na nyumba nzima inafurahi. Wiki ya 8 ukihesabu, wamebaki 10. Wengine wamechukuliwa na mwewe, wengine wamenyeshewa, wengine wamekwenda na ugonjwa. Katika vijiji vyetu kupoteza zaidi ya nusu ya vifaranga kabla ya wiki ya 8 ni jambo la kawaida.

Sasa tuseme koo hao hao umewapa mayai 10 tu kila mmoja. Mayai 12 yaliyobaki wamekula watoto. Wametotolewa vifaranga 25, ukawalea kwa uangalifu, na wiki ya 8 wapo 18. Watoto wamekula mayai 12, nawe una kuku 8 zaidi ya yule aliyeatamiza yote. Mfano huu ni wa kuelezea tu, lakini ukweli wake ni huu: faida ya kuku wachache haitokani na wingi wa mayai yaliyoatamiwa, bali na idadi ya vifaranga wanaofika wiki ya 8. Na tuone namna ya kuwafikisha.

Anza na jogoo

Jogoo mmoja mwenye afya anatosha koo 8 hadi 10. Ukiwa na koo 4 huhitaji majogoo 3 wanaopigana kutwa. Mchague mmoja, wengine uza au chinja.

Usimwache jogoo mmoja miaka mingi mpaka akapanda binti zake na wajukuu wake. Damu ikirudiana, mayai yasiyototoka huongezeka, vifaranga huwa dhaifu, na wengine hutoka na vilema. Kila mwaka au mwaka na nusu badilishana jogoo na mtu wa mbali kidogo, ambaye kuku wake hawakutoka kwako. Chagua jogoo mwenye macho maangavu, miguu iliyonyooka, na ambaye mama yake alikuwa mtagaji na mlezi mzuri.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nami naongeza kwamba afungwe mbali na wenyeji. Mtenge kwa wiki 2 kabla ya kumchanganya na kuku wako, ili kama ana ugonjwa uonekane kwanza. Kumbuka pia kwamba mbegu ya jogoo wa zamani hukaa ndani ya koo kwa wiki 2 hivi. Kwa hiyo ukibadilisha jogoo, ngoja wiki 3 ndipo uanze kuweka mayai ya kuatamiwa.

Wengine wameniuliza juu ya kuku chotara kama Sasso na Kuroiler. Ni kuku wakubwa na hutaga mayai mengi, lakini si watu wa kuatamia, na watoto wao hawafanani sawasawa na wazazi. Ukiwa nao, usiwaondoe koo wako wa kienyeji, kwa maana hao ndio walezi. Koo wa kienyeji huatamia yai la kuku yeyote kama lake mwenyewe.

Mayai ya kuatamiwa na mayai ya kula

Okota mayai kila siku, ukiacha moja lililotiwa alama ili koo asihame kiota. Andika tarehe kwenye ganda kwa kalamu ya risasi. Weka mayai mahali penye ubaridi na kivuli, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Chungu chenye mchanga, kilichowekwa pembeni mwa chumba kisichopata jua, kinafaa.

Yanayofaa kuatamiwa ni yale ya ukubwa wa kati, yenye umbo la kawaida, ganda zima na safi, na yasiyozidi siku 7, au siku 10 ukiwa huna budi. Usioshe yai la kuatamiwa, kwa kuwa maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda. Lenye uchafu kidogo lipanguse kwa kitambaa kikavu.

Yaliyo makubwa mno, madogo mno, au yenye umbo la ajabu yapeleke jikoni yakiwa bado mapya. Lenye ufa litumie siku hiyo hiyo na lipike likaive kabisa. Hapo ndipo yai la mtoto linapopatikana.

Atamisha koo wawili au watatu siku moja

Vifaranga wa umri mmoja ni rahisi kulea: chakula kimoja, ulinzi mmoja, chanjo ya siku moja. Koo wa kwanza akianza kuatamia, yaani akibaki kiotani usiku, akitutumua manyoya na kudonoa mkono wako, mwachie mayai 2 au 3 tu ya kumshikilia. Ngoja siku chache mwenzake naye aanze. Kisha, jioni moja, ondoa hayo ya zamani na wape wote mayai yaliyochaguliwa. Koo mdogo mpe 8 hadi 10, mkubwa 12. Mayai yakizidi mwili wake, ya pembeni hupoa, naye anapoyageuza yote hupata zamu ya kupoa.

Kiota kiwe mahali pa giza kidogo, pakavu, mbali na mbwa na siafu. Kapu la zamani au boksi lenye upana wa sentimita 35 hadi 40 linatosha. Tandika majani makavu juu ya majivu. Kabla ya kumweka, mkague chini ya mbawa na kuzunguka mkia, umpake majivu au dawa ya unga ya kuua chawa na utitiri. Koo anayeumwa na utitiri huacha mayai hata kama ni mama mwema.

Siku 21

Weka maji na nafaka karibu. Koo atatoka mara moja kwa siku kwa dakika 15 au 20, ale, anywe, aoge vumbi na kurudi. Asiporudi kwa saa nzima, chunguza sababu.

Siku ya 7, usiku, pima mayai kwa tochi. Toboa tundu dogo kwenye kipande cha boksi, lishike yai juu ya tundu na umulike kwa chini. Yai lenye uhai lina doa jeusi na nyuzi nyekundu kama utando wa buibui. Lililo angavu tupu halina mbegu. Lenye duara jekundu ndani, kiumbe chake kimekufa. Ondoa yote yasiyo na uhai kabla hayajawa viza na kupasukia kiotani. Yai lililokaa siku 7 chini ya kuku usilirudishe kwenye chakula cha mtoto, wala usiliuze, lifukie. Rudia kupima siku ya 14. Ikiwa mayai mazima yamebaki machache, yaunganishe chini ya koo mmoja, na mwenzake aachiliwe arudi kutaga.

Kuanzia siku ya 18 usiyaguse tena. Siku ya 21 vifaranga huanza kutoka, na kazi hiyo yaweza kuchukua siku nzima. Usimbandue kifaranga ganda kwa huruma. Mishipa ya damu ikiwa bado imeshikamana na ganda, atatoka damu na kufa. Wala usiwe na wasiwasi kwamba hajala, kwa kuwa kiini kilichoingia tumboni mwake humlisha kwa siku moja au mbili.

Wiki nne za kwanza

Hapa ndipo penye kuokoa au kupoteza. Usiku ule wa kutotolewa, waweza kuwakusanya vifaranga wa koo 2 chini ya mlezi mmoja mwenye mwili mkubwa. Aweza kufunika hadi 20. Waingize kimyakimya gizani, asubuhi atawakubali wote. Koo aliyepumzishwa atarudi kutaga mapema, na hivyo kwa mwaka waweza kupata mitago 4 au 5 badala ya 3.

Wiki 3 au 4 za mwanzo usiwaache wazurure. Mfunike mlezi na watoto wake kwa tenga mchana, mahali penye kivuli na nyasi fupi, na usiku walale bandani. Mwewe, kunguru, paka na kicheche hawatawapata. Mvua ikitishia, waingize ndani. Kifaranga aliyelowa hupoteza joto upesi, na aweza kufa kabla jua halijatoka.

Ukilea bila kuku, joto la wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35, kisha lipungue kama nyuzi 3 kila wiki. Huna kipimajoto? Watazame wenyewe. Wakirundikana wanasikia baridi; wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi wanaungua; wakitawanyika wakila kwa utulivu, joto ni sawa. Tafadhali sana, mama, usiwashe jiko la mkaa kwa ajili ya vifaranga katika chumba wanacholala watu. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa matambara, au boksi lililojazwa nyasi kavu, ni salama zaidi.

Chakula chao kiwe laini na chenye protini. Ukiweza kununua chakula cha vifaranga, nunua cha mwezi wa kwanza. Usipoweza, changanya mahindi yaliyoparazwa, mashudu ya alizeti na dagaa waliosagwa, ukiongeza mchwa na mchicha uliokatwakatwa. Maji yawe kwenye sahani isiyo na kina, yenye vijiwe ndani ili wasizame, na yabadilishwe kila siku. Tandiko liwe kavu, maana kuhara damu hustawi kwenye unyevu.

Mahindi yaliyoota ukungu usiwape. Wengi hudhani kisichomfaa mtu kitamfaa kuku, lakini sumukuvu iliyomo huharibu ini la kuku kama inavyoharibu la binadamu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumukuvu katika mahindi. Mahindi ya namna hiyo yatupwe, yasiliwe na yeyote.

Kideri, mwizi wa akiba

Hata ukifanya hayo yote, kideri, ambacho wengine huita mdondo, chaweza kukuachia banda tupu kwa wiki moja. Kuku huhara kijani, huhema kwa shida, hupinda shingo, hupooza miguu, na hufa wengi kwa mpigo. Hakina dawa. Mwarobaini, pilipili na vidonge vya watu havikitibu. Kinga yake ni chanjo tu.

Habari njema ni kwamba kuna chanjo inayostahimili joto kuliko zile za zamani, iitwayo I-2, ambayo hapa Tanzania hutengenezwa na kuuzwa kwa jina la Temevac. Hutolewa tone moja tu katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila miezi 3. Chanja kuku wenye afya tu, na usingoje ugonjwa uingie kijijini. Panga kuchanja mwezi mmoja kabla ya majira ambayo huvuma kwenu, mara nyingi kiangazi. Chukua chanjo ikiwa katika ubaridi, isipigwe jua, na uitumie siku uliyoifungua. Baadaye nawa mikono, na usijiguse macho, kwa sababu yaweza kuyafanya mekundu kwa siku chache.

Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko wako. Badala ya kulalamikia bei, kubalianeni majirani 5 au 10, changeni, mchanje siku moja. Mkono mmoja haulei mwana. Na kuku wa jirani asiyechanjwa huweza kuleta ugonjwa kwa vifaranga wako wachanga ambao bado hawajapata tone lao.

Ugonjwa ukiingia, usiuze kuku wagonjwa mnadani wala kumpelekea ndugu zawadi. Ndivyo kideri kinavyosafiri. Waliokufa wafukie shimo refu au wachome moto, wasiliwe, na umwarifu afisa mifugo, kwa kuwa mafua ya ndege nayo huanza kwa vifo vya namna hiyo.

Kuku na watoto wa nyumbani

Nikiwa muuguzi siwezi kunyamaza hapa. Najua kwa nini kuku hulala jikoni au uvunguni: wezi. Lakini kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyoharisha watoto, na mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kutia mdomoni. Mwaka 2016 watafiti Derek Headey na Kalle Hirvonen walichapisha uchunguzi wa vijijini Ethiopia. Waliona kwamba watoto wa nyumba zenye kuku walikuwa na urefu mzuri zaidi kwa umri wao, lakini pale kuku walipolazwa ndani ya nyumba hali ilikuwa kinyume chake. Kuku waweza kumpa mtoto yai kwa mkono mmoja na kumnyang'anya afya kwa mkono mwingine.

Basi jengeni banda dogo lililoshikamana na ukuta wa nyumba, lenye mlango imara na kufuli. Fagia uwanja kila asubuhi kabla mtoto hajashushwa chini. Tandika mkeka wa mtoto mahali kuku hawafiki. Watoto wasibusu vifaranga, na kila aliyewashika anawe kwa sabuni. Kuku akipewa dawa, fuata siku za kungoja zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kula mayai au nyama yake.

Na zile mila za kumkataza mjamzito na mtoto mdogo kula mayai tuziache. Yai halimfanyi mtoto kuwa mwizi, wala halimnyimi maneno. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema watoto wa miezi 6 hadi 23 wale kila siku chakula kitokanacho na wanyama, yaani nyama, samaki au mayai. Lipike mpaka kiini kigande.

Zungumza na mzee wa nyumba

Neno la mwisho ni la ndani. Akina mama wengi hulea kuku kwa jasho, kisha siku moja wakakuta matetea 2 yameuzwa bila wao kujua, na mpango wote umevurugika. Usingoje mpaka ugomvi. Kaa na mumeo kuku wakiwa bado mayai. Mwonyeshe hesabu: hawa ni wa mbegu, hawaguswi, hawa ni wa ada, hawa ni wa mboga na wageni, mayai haya ni ya watoto. Baba anayejua kusudi la kila kuku mara nyingi huwa mlinzi wao wa kwanza, na ndiye atakayegongomea banda.

Chukua daftari la shule lililobaki kurasa, uchore safu tatu: mayai niliyoweka, vifaranga waliototolewa, vifaranga waliofika wiki ya 8. Jaza kila mtago. Safu ya tatu ndiyo itakayokueleza kama umepiga hatua. Ikibaki ndogo, usiongeze mayai. Tafuta kwanza ni nini kilichowachukua, mvua, mwewe au kideri, uzibe mlango huo.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya bustani ya mboga karibu na jiko, ambayo samadi ya kuku hao hao huilisha. Hadi hapo, nawatakia mtago mwema na vifaranga wenye uhai.